Yanayotokea pale pale: shajara ya mradi wa bango kitita kuhusu HPV na kinga ya mlango wa kizazi

Jumatatu, 13 Januari 2025

Kazi imeanza rasmi leo, kwa hiyo naandika kwanza tunatengeneza nini. Ni bango kitita la kusimamisha mezani: upande mmoja picha anayoitazama mama, upande wa pili maelezo anayoyasoma mhudumu. Mabango yaliyopo kwenye kliniki za uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi yanaeleza vizuri jinsi HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, inavyoambukizwa, umri wa kupimwa, na jinsi kipimo cha siki, kinachogeuza seli zenye mabadiliko kuwa nyeupe, kinavyofanyika. Hayagusi kabisa kile ambacho mwili wenyewe hufanya kirusi kikishaingia, na maswali magumu yanatokea hapo.

Muuguzi tunayefanya naye kazi hapa Mwanza ametuletea maswali aliyokuwa akiyaandika kwenye daftari lake la zamu. Matatu yanajirudia kuliko mengine. "Nimepimwa damu kila mara, mbona hawakukiona?" "Kama mwili una kinga, mbona kimekaa?" Na la tatu, ambalo kina mama huliuliza kwa sauti ya chini mlango ukishafungwa: "Ina maana baba watoto ametoka nje?"

Yote matatu yana mzizi mmoja. HPV huishi, huzaliana na hukabiliwa na kinga ndani ya tishu ya mlango wa kizazi, kwenye unene usiofika hata milimita moja, na mengi yanayotokea hapo hayafiki kwenye damu. Bango lote tutalijenga juu ya jambo hilo.

Timu ni mimi wa maabara ya tishu, muuguzi wa kliniki, mchoraji, na daktari wa patholojia aliyekubali kukagua kila karatasi kabla haijatiwa rangi. Tumekubaliana pia kitu cha kuacha: hatutachora askari. Mabango mengi ya VVU yalichora seli nyeupe kama askari na watu wakaelewa haraka, hilo silikatai. Lakini mama akiambiwa askari wake wameshindwa, anarudi nyumbani akijiona yeye ndiye dhaifu. Kwa kirusi hiki maelezo hayo si ya kweli wala si ya haki.

Alhamisi, 23 Januari

Karatasi ya kwanza ni ya mahali penyewe. Mchoraji alikuja maabara, nikamwekea chini ya hadubini slaidi ya mlango wa kizazi usio na ugonjwa, iliyotiwa rangi za kawaida za zambarau na waridi. Sikumweleza kitu. Akatazama, akazungusha, kisha akauliza mwenyewe: "Hapa katikati pana nini? Huku seli zimepandana tabaka kwa tabaka, huku ni mstari mmoja tu."

Ndipo hapo. Sehemu ya nje ya mlango wa kizazi, inayotazama ukeni, imefunikwa na seli bapa zenye matabaka mengi. Mfereji wa ndani umefunikwa na seli ndefu za safu moja, zile zinazotoa ute. Zinapokutana pana ukanda unaobadilika: tangu balehe, asidi ya ukeni inapozigusa seli za safu moja, nafasi yao huchukuliwa polepole na seli za matabaka. Kwa msichana ukanda huo ni mpana na uko wazi. Mama akikaribia kukoma hedhi, hupanda ndani ya mfereji ukafichika, ndiyo maana kipimo cha siki hakimfai sana aliyepita miaka 50. Saratani nyingi za mlango wa kizazi huanzia kwenye ukanda huo.

Kirusi kinazitafuta seli za chini kabisa, zile zinazojigawa. Kwenye matabaka yaliyokamilika kinahitaji mchubuko mdogo usioonekana kwa macho, wa aina inayotokea katika tendo la ndoa la kawaida. Kwenye ukanda unaobadilika, njia ya kuzifikia ni fupi zaidi.

Muuguzi ameomba pembeni mwa karatasi tuweke mchoro wa mlango wa kizazi kwa ukubwa wake halisi, upana wa sentimita 3 hivi. Anasema kina mama wengi hushangaa kwamba kiungo chenyewe ni kidogo hivyo. Nimefurahi, kwa sababu mchoro huo unatuandalia njia: sehemu ndogo namna hiyo inaweza kuwa na shughuli zake ambazo mwili mzima hauna habari nazo.

Alhamisi, 6 Februari

Ukimya. Hii ndiyo karatasi niliyokuwa naisubiri.

Virusi vingi tunavyovizoea hujitangaza. Vinapasua seli, vinaingia kwenye damu, mwili unapata homa. HPV haifanyi hivyo hata kidogo. Ni kirusi kidogo sana, DNA yake ina herufi kama 8,000 tu. Kikishaingia seli ya chini, hutulia humo kwa nakala chache. Seli inapojigawa na kupanda juu tabaka kwa tabaka, kirusi hupanda nayo, na kinaanza kujizidisha kwa wingi pale tu seli inapokaribia uso. Virusi vipya hutengenezwa ndani ya seli ambayo ingekufa na kubanduka hata bila kirusi. Kwa hiyo seli haipasuki, tishu haivimbi, na hakuna hatua ya maambukizi ambapo kirusi kinazunguka kwenye damu. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza la daftari: damu haikukiona kwa sababu hakikupita huko.

Ila kujificha peke yake kusingetosha. Seli za matabaka zina ving'amuzi vyao vya kutambua DNA ngeni, na zikiitambua hutoa intaferoni, ujumbe wa kuziambia seli jirani zijihadhari na kuita seli za kinga. HPV huziba njia hiyo. Protini yake iitwayo E6 hushika moja ya swichi za kuwasha intaferoni. E7 hudhoofisha nyingine, pamoja na ile njia ya kutambua DNA iliyo nje ya kiini. Protini ya tatu, E5, huzuia vibao vinavyoonyesha vipande vya protini za kirusi visifike juu ya seli, kwa hiyo seli T, aina ya seli nyeupe za kinga, ikipita haina cha kusoma.

Kisha kuna seli za kinga ziitwazo Langerhans, ambazo mimi binafsi nazipenda kuliko zote. Zina matawi marefu yanayopenya katikati ya seli za matabaka, zinaonja kila kitu, na zikikuta kigeni hushuka hadi kwenye matezi ya limfu kupeleka habari. Hukaa mahali pake kwa kushikana na majirani kupitia protini iitwayo E-kadherini. E7 ya HPV aina ya 16 huipunguza E-kadherini hiyo. Mshiko ukilegea, seli za Langerhans hupungua eneo hilo, na habari haipelekwi. Kirusi chenye jeni nane au tisa tu kimepata jinsi ya kumwondoa mlinzi bila kumgusa!

Jumatatu, 10 Februari

Ukimya unachorwaje? Michoro ya kwanza ilikuwa na mishale na alama za mkato mwekundu, kila protini na kibandiko chake. Daktari wa patholojia aliitazama akasema ni sahihi, lakini inapiga kelele.

Mchoraji amepata njia nzuri. Seli zenye kirusi zina rangi ile ile ya jirani zake. Hakuna nyekundu popote. Tofauti ni mbili tu: nukta ndogo za kijivu ndani ya kiini, na matawi ya seli za Langerhans ambayo upande wa kushoto ni mengi na upande wa kulia ni machache. Mhudumu atamwambia mama, "Tafuta tofauti." Mama atatafuta sana, na huko kutafuta ndiko somo lenyewe. Majina ya protini yamehamia nyuma, upande wa mhudumu.

Alhamisi, 20 Februari

Kingamwili (protini za kinga zinazokamata virusi) na chanjo. Swali lililoibeba karatasi hii limetoka kwa bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake: "Sindano mnachoma begani. Inalindaje huko chini?"

Swali hilo halina ujinga wowote. Limewahi kuwasumbua hata wanasayansi, kwani ilidhaniwa kwamba ili kulinda utando wa ukeni lazima kingamwili zitengenezwe hapo hapo. Maambukizi ya kawaida yanatia moyo kidogo sana: takriban nusu hadi theluthi mbili ya wanawake walioambukizwa ndio hupata kingamwili za kupimika katika damu, na huwa chache. Ni haki yake kuwa hivyo. Kirusi kinachoishia juu ya uso wa tishu hakiyafikii matezi ya limfu kwa wingi.

Chanjo hubadilisha njia nzima. Ndani yake hamna kirusi. Kuna ganda tupu la protini L1, ambayo vipande vyake 360 hujipanga vyenyewe kuwa tufe bila DNA yoyote ndani. Jian Zhou na Ian Frazer waliichapisha kazi yao ya kutengeneza maganda hayo mwaka 1991 huko Brisbane, Australia, na chanjo ya kwanza ikaidhinishwa 2006. Likichomwa kwenye msuli wa bega, ganda hufika kwenye matezi haraka, na damu hujaa kingamwili kwa kiwango ambacho maambukizi ya kawaida hayakifikii. Kutoka kwenye damu, kingamwili hizo huvuja polepole hadi kwenye ute wa mlango wa kizazi. Na pale penye mchubuko, maji ya damu hutoka moja kwa moja. Mlango ambao kirusi kinautegemea ndio huo huo unaoleta kingamwili. Isitoshe, HPV huingia seli taratibu, kwa saa nyingi, kwa hiyo kingamwili zina muda wa kuikamata.

Upande wa mhudumu tunaweka pia sababu ya chanjo kutotibu maambukizi yaliyokwisha kuingia: seli za chini, zinazohifadhi kirusi, hazionyeshi L1, basi kingamwili hazina cha kushika. Wahudumu huulizwa hili na kina mama wenye miaka 35 wanaotaka chanjo baada ya kuambiwa wana HPV.

Mwanza ina haki ya kujivunia hapa. Utafiti wa DoRIS, uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu, ulifanyika katika mji huu kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, na miezi 24 baada ya dozi moja tu, zaidi ya 97 kati ya kila 100 walikuwa bado na kingamwili dhidi ya aina za 16 na 18, zile zinazosababisha karibu asilimia 70 ya saratani hii duniani. Kenya nao, katika utafiti wa KEN SHE uliofanyika Kisumu, Thika na Nairobi kwa wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, waliona dozi moja ikizuia maambukizi ya kudumu ya aina hizo kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Tanzania ilianza chanjo nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Nataka mama wa hapa ajue kwamba uamuzi huo una jasho la mabinti wa mtaani kwake.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ni seli T. Nitaandika kirefu, maana swali la pili la daftari linajibiwa hapa.

Maambukizi mengi ya HPV, takriban 9 kati ya 10, huacha kuonekana kwenye vipimo ndani ya miaka miwili bila dawa yoyote. Kingamwili hazifanyi kazi hiyo, tumeshaona ni chache. Wanaoifanya ni seli T: zile za CD4, zinazoratibu, na zile za CD8, zinazoua seli iliyoshikwa. Lakini lazima zifike. Seli T ikiwa kwenye damu haina msaada wowote kwa seli ya mlango wa kizazi. Inatakiwa itoke kwenye mshipa mdogo ulio chini ya utando, ipenye tishu ya chini, ivuke mpaka mwembamba, halafu iingie katikati ya matabaka.

Daktari wa patholojia alituwekea slaidi za kufundishia, zisizo na jina la mtu, zilizotiwa kahawia kwenye seli za CD8. Kwanza kidonda cha awali, yaani mabadiliko ya seli yanayotangulia saratani, kilichokuwa kinapona: nukta za kahawia zimejaa hadi juu, zimesambaa katikati ya seli. Kisha kidonda cha awali cha daraja la juu kilichogoma kupona. Mchoraji alitegemea kukuta hakuna kitu. Zilikuwapo! Zimejaa tele, ila chini ya mpaka, zimepanga mstari, na juu yake hamna hata moja. Chumba kilikaa kimya. Hata mimi niliyezizoea slaidi, kuziona mbili hizo zimefuatana kulinigusa.

Maelezo yanayoeleweka zaidi yametoka Johns Hopkins, Baltimore. Mwaka 2010 timu ya huko ilichapisha matokeo ya wanawake wenye vidonda vya awali vya daraja la juu vya HPV 16. Seli za CD8 zenye alama ya alfa4beta7 zilionekana kwenye tishu ya chini, lakini kuingia kwake kwenye utando kulitegemea kuwapo kwa molekuli iitwayo MAdCAM-1 kwenye mishipa midogo iliyo chini ya kidonda. Vidonda vilivyokuwa na mishipa yenye molekuli hiyo, na seli za CD8 ndani ya utando, ndivyo vilivyoelekea kupona. Majibu ya seli T zilizopimwa kwenye damu ya mkononi hayakuweza kutabiri vizuri nani angepona. Kila nikisoma hilo naona bango letu zima limo ndani yake.

Tatizo si njia ya kuingilia peke yake. Ndani ya vidonda vinavyogoma kupona hukutwa pia seli T za kutuliza, zenye alama ya FoxP3, pamoja na saitokini, yaani ujumbe wa kemikali kati ya seli, za kupoza kinga kama IL-10 na TGF-beta. Seli hizo zina kazi njema siku zote. Mlango wa kizazi hauwezi kufoka kwa kila kitu, la sivyo mbegu za kiume na mimba yenyewe zingeshambuliwa. Kiungo hiki kimezoea kuvumilia, na HPV imejipenyeza ndani ya uvumilivu huo. Ningependa kila mama asikie sentensi hiyo badala ya kuambiwa kinga yake imeshindwa.

Jumanne, 11 Machi

Muuguzi ametupa mfano wa MAdCAM-1 na ndio pekee tutakaoutumia kwenye bango lote: abiria yumo kwenye daladala, nauli kalipa, lakini hashuki kama kibao cha kituo chake hakipo. Tuliujaribu kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mmoja akaongeza mwenyewe, "Kwa hiyo hata ukiongeza daladala, hawashuki." Sikutegemea hoja hiyo ifike haraka hivyo. Watu wengi hufikiri vidonge vya "kuongeza kinga" vinavyouzwa mitaani vitaondoa HPV. Sasa tuna jibu lisilomdhalilisha mtu.

Jumatatu, 24 Machi

Karatasi ya VVU. Wanawake wanaoishi na VVU wana uwezekano mara 6 zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi. Sababu ni ya hapo hapo pia: seli za CD4 zinazopungua ndizo waratibu wa zile za CD8, na kwenye utando wa mlango wa kizazi upungufu huo hukiachia kirusi nafasi ya kukaa, aina nyingine kuongezeka juu yake, na kile kilichokuwa kimetulizwa kurudi kuonekana. Kwa mwenye kinga ya kawaida, safari kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa inaweza kuwa 5 hadi 10. Dawa za kufubaza zikianzwa mapema na kutumiwa bila kukatiza hupunguza hatari, ila haziiondoi, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25 na kurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5, wakati wanawake wengine huanza na miaka 30.

Tumebishana kuhusu picha. Rasimu ilikuwa na mwanamke aliyekonda. Muuguzi aliikataa papo hapo, na namuunga mkono kwa moyo wote. Wateja wake wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, ni kina mama wenye afya, wafanyabiashara wa dagaa, walimu, mabibi harusi. Anayechorwa sasa ni mama mnene wa kitenge, kashika kadi yake ya kliniki, na tofauti yote iko kwenye duara la tishu pembeni.

Jumatano, 2 Aprili

Fupi leo. Karatasi ya majirani: bakteria na kichocho.

Estrojeni hujaza sukari ya akiba kwenye seli za ukeni, laktobasili huila na kutoa asidi ya laktiki, na asidi hiyo hulinda. Wakitoweka, wakaja bakteria mchanganyiko, ute hudhoofika na uvimbe huanza, na maambukizi ya HPV huonekana kudumu zaidi kwa wanawake wenye hali hiyo. Hapa wapo wanaojisafisha ndani kwa sabuni au ndimu kwa nia njema kabisa. Karatasi inawaambia waache, na kwa nini.

Kichocho cha mkojo kipo katika vijiji vya mkoa huu, na mayai yake hunasa hata kwenye mlango wa kizazi. Huacha mabaka kama ya mchanga na mishipa ya ajabu, yanayoweza kumchanganya anayechunguza kwa siki. Kwa somo letu jambo kubwa ni kwamba seli nyeupe huko hujaa tele, lakini zimeitwa na yai. Wingi wa seli za kinga mahali hausemi kwamba zinashughulika na HPV.

Jumanne, 15 Aprili

Tulikaa na kina mama kliniki, karatasi zikiwa bado za penseli na rangi ya maji. Kilichofanya kazi: "tafuta tofauti", na daladala. Kilichokwama: nukta za kahawia za seli T. Karibu wote waliziona ndizo ugonjwa. Mchoraji anazibadilisha ziwe kijani chenye matawi mafupi, na kirusi kibaki kijivu.

Halafu likaja swali la tatu. Mama mmoja, ndoa yake ina watoto wakubwa, alisubiri wenzake watoke. "Majibu yamesema nina HPV. Mwenzangu nimwambie nini?" Muuguzi alifungua karatasi ya ukimya tena, akasema: "Shikamoo mama yangu, hebu tuitazame hii pamoja. Kirusi hiki kinaweza kukaa hapa miaka mingi bila kipimo kukiona, kikaja kuonekana baadaye. Kipimo kinasema kipo. Hakisemi kiliingia lini wala kimetoka kwa nani." Mama akaomba aitazame ile karatasi peke yake kidogo.

Ndoa zimevunjika kwa jibu hili, na wanawake wamepigwa kwa jibu hili. Hakuna kipimo cha HPV kinachoweza kutaja tarehe ya maambukizi, na sababu yake ni biolojia ile ile tuliyoichora Februari: nakala chache kwenye seli za chini, kinga imezituliza bila lazima kuzimaliza, na zinaweza kupanda tena umri ukisogea au kinga ya hapo ikilegea. Tumeamua swali hili lipate karatasi yake lenyewe, mara tu baada ya ukimya, lenye picha ya mume na mke wameketi na mhudumu. Maelezo ya nyuma yameandikwa ili yaweze kusomwa kwa sauti mbele ya wote wawili, neno kwa neno.

Ijumaa, 9 Mei

Karatasi ya mwisho kuchorwa: kinga ikichelewa sana. DNA ya kirusi inaweza kujipachika ndani ya kromosomu za seli, mara nyingi kwa kukatika kwenye jeni E2, ambayo kawaida ndiyo breki ya E6 na E7. Breki ikiondoka, E6 huiharibu p53 na E7 huifunga Rb, protini mbili zinazozuia seli kujigawa ovyo, na seli inajigawa bila kukaguliwa. Kliniki huona hatua hiyo kama weupe kwenye siki. Hapo inatibiwa kwa kugandisha au kwa joto, mama akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa wanaofika tukiwa tumechelewa, uvimbe wenyewe hujifunika kwa PD-L1, molekuli ya kuzilaza seli T. Dawa ya pembrolizumab, inayoziba njia hiyo, iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya mlango wa kizazi mwaka 2018. Bei yake iko mbali na kina mama wetu na sitaki bango liwaahidi.

Nyuma ya karatasi nimeongeza aya kuhusu chanjo za tiba, zinazofundisha seli T kuzitambua E6 na E7. Katika jaribio la VGX-3100 lililochapishwa 2015, vidonda vya awali vya daraja la juu vilirudi nyuma kwa karibu nusu ya waliopata chanjo, dhidi ya karibu thuluthi moja ya waliopewa sindano tupu. Haijafika hospitalini. Lakini ile thuluthi ya sindano tupu ni miili ya wanawake iliyofanya kazi yenyewe, chini ya uangalizi wa karibu, na wahudumu waijue bila kuigeuza kuwa sababu ya kuchelewesha tiba.

Alhamisi, 22 Mei

Hali ya kazi. Karatasi za mahali, ukimya, mume na mke, chanjo, na VVU zimekaguliwa na daktari wa patholojia, zinakwenda kwa mchapaji kwa nakala za majaribio. Karatasi ya seli T inasubiri kijani kipya. Ile ya kwanza ilipochapishwa ilififia ikafanana na kijivu cha kirusi. Karatasi ya kichocho tunampelekea mganga mwenye uzoefu wa vijijini aikague mabaka ya mchanga. Muuguzi ameomba toleo dogo la mkononi la karatasi ya mume na mke, ambalo mama anaweza kwenda nalo nyumbani, na limepewa nafasi ya kwanza kwenye fedha zilizobaki.